UZI: Bili ya stima ofisini Mombasa, tukate wapi kabla ya kununua AC mpya?

MizigoKilindini
Wadau, salaam. Naweka takwimu zote hapa ili tusijadili hewani.

Ofisi ya kupitisha mizigo bandarini, watu 14, ghorofa ya juu kabisa. Juu yetu ni silingi ya jipsam kisha mabati. Vioo vikubwa vimeelekea magharibi. AC ni nne, zote za zamani zisizo inveta (yaani pampu yake ya gesi, kompresa, haibadili kasi, huwaka au kuzima tu): mbili za BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) ukumbini, moja ya 12,000 kwa meneja, na nyingine ya 12,000 chumba cha seva ambayo haizimwi. Tyubu 30 za futi nne, kompyuta za mezani 12 kila moja na UPS yake (betri ya akiba stima ikikatika), fotokopi kubwa, printa, friji, na dispensa ya maji moto na baridi. Mita inakula kama uniti (kilowati-saa) 2,650 kwa mwezi. Tunafanya kazi siku 24, saa 10 kwa siku.

Tajiri anataka kung'oa AC zote nne kwa mpigo. Ndio mwanzo sahihi?

HesabuKwanza
Asinunue kitu bado. Kwanza mjue uniti moja inawagharimu pesa ngapi kwa kweli. Chukua jumla ya bili, pamoja na gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo na VAT ya asilimia 16, ugawe kwa uniti. Usitumie ile bei ya msingi pekee, itakudanganya. Kwa hesabu za hapa nitachukua shilingi 28. Wewe weka yako.

Halafu gawanya matumizi. AC tatu za mchana ni kama kilowati 6.0 kwa pamoja. Mara saa 10, mara siku 24, ni uniti 1,440. Kompresa haikai imewaka muda wote, chukua robo tatu: 1,080. Ya seva ni kilowati 1.2 mara saa 720, tuseme imewaka asilimia 60 ya muda: 518. Tyubu za kawaida za wati 36 pamoja na choki yake (kidhibiti cha umeme ndani ya fremu ya taa) hufika wati 45 kila moja, kwa hiyo taa zote ni 324. Kompyuta na skrini zake, wati 100 kila moja kwa saa 9: 259. Hapo tumefika 2,181. Zilizobaki, kama 470, ni seva yenyewe, kamera, fotokopi, friji, dispensa, UPS na vitu vilivyosahauliwa.

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kutafuta, na haihitaji kifaa chochote. Leo mkifunga saa kumi na mbili jioni, soma mita. Kesho saa moja asubuhi, kabla mtu hajawasha swichi, soma tena. Leta tofauti hapa.

FundiBaridi
Nakubaliana na Hesabu ila naongeza: hizo AC za zamani zisihukumiwe kabla hazijaoshwa. Mashine ya nje iliyoziba chumvi na vumbi hula stima zaidi ya mpya, ndiyo, lakini hula zaidi pia ya ilivyokuwa yenyewe ilipotoka dukani. Unaweza kununua mpya, ukaitunza vilevile, na baada ya misimu miwili ukarudi palepale.

MizigoKilindini
Mita: uniti 21 kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja asubuhi. Ofisi ilikuwa imefungwa, hakuna mtu.

HesabuKwanza
Shilingi 588 kwa usiku mmoja wa giza. Kwa mwezi ni uniti 630, shilingi 17,640, karibu robo ya bili, na sijahesabu mchana wa Jumapili.

Mgawanyo wake wa kukadiria: AC ya seva 9 na ushee, seva na kamera 4, friji na dispensa karibu 2, UPS 12 zilizokaa bure zaidi ya 1, na zilizobaki ni kompyuta ambazo watu huzima skrini tu wakadhani wamezima mashine. Mpe mtu mmoja kazi ya kuzunguka jioni.

SevaNaWaya
Hapo kwenye seva nina la kusema. Kabati la seva lenye wati 300 hutoa joto la kama BTU 1,000 kwa saa. Nyinyi mmeliwekea AC ya 12,000, mara kumi na mbili ya inavyohitaji. Na bila shaka rimoti imeandikwa 18.

Miongozo ya vyumba vya seva inayotumika duniani inapendekeza hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Watu hushika ile 18 kama amri. Ipandishe hadi 26, weka kipimajoto mbele ya kabati (si ukutani nyuma ya mlango), angalia kwa wiki moja. Pia ziba matundu ya mbele ya kabati yasiyo na mashine kwa vibao, la sivyo hewa moto ya nyuma inazunguka kurudi mbele na utadhani AC ni dhaifu.

TupoBamburi
Kwani si mtoe AC kabisa muweke feni ya kunyonya hewa? Usiku Mombasa hewa ya nje ni nyuzi 25 hivi.

SevaNaWaya
Nairobi ningekubali. Hapa hapana, kaka. Ukinyonya hewa ya nje unanyonya unyevu na chumvi, vikae juu ya bodi za umeme. Bodi hazifi siku hiyo. Miguu ya vipuri huanza kuota kijani, kisha mashine inazimika bila sababu. AC ndogo iliyowekwa 26 kwenye chumba kilichozibwa ni nafuu kuliko seva mpya.

Na hizo UPS 12: kama ni zile ndogo za kawaida, kila moja hula wati kadhaa hata kama hakuna kinachotumika. Betri zake nazo zinachukia joto. Betri ya kawaida ya UPS imekadiriwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 juu ya hapo maisha yake hukatika takriban nusu. Iliyofichwa chini ya meza kando ya kompyuta inapikwa. Mkihamia laptopu polepole, kila kompyuta ya mezani inapokufa, UPS yake inakwenda nayo, maana laptopu ina betri yake na hula wati 15 hadi 45. Msizitupe nzima nzima leo kwa ajili ya stima tu, hesabu haitarudi.

Jambo moja la kulifanya leo: kwenye mipangilio ya nguvu weka skrini izime baada ya dakika 5, kompyuta ilale baada ya 20. Zile picha zinazocheza skrinini mtu akienda kuswali haziokoi hata senti.

FundiBaridi
Sasa AC. Nitaandika kirefu maana hapa ndipo asilimia 60 ya bili yenu ilipo.

Mashine ya nje. Mapezi ni ya alumini, bomba ni la shaba. Vyuma viwili tofauti vikikutana na maji ya chumvi, alumini huliwa. Ndiyo maana mapezi ya Pwani hugeuka unga mweupe ukiyagusa. Dawa ni kuosha, na karibu na bahari fanyeni kila mwezi: zima breka, ondoa takataka kwa brashi laini, kisha maji ya presha ndogo kwa mwelekeo wa mapezi, yasije yakalala. Pumpu ya kuoshea magari hapana.

Maji yenyewe yawe matamu, yasiyo na chumvi. Narudia kwa sababu hili wanakosea wengi: visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Ukiosha mashine ya nje kwa maji ya kisima umeipaka chumvi upya, ikikauka iko palepale. Tumia maji ya mfereji, hata kama ni ya madumu. Na fundi akija na dawa ya asidi inayotoa povu na moshi, mwambie ahsante arudi nayo. Mapezi yatang'aa siku hiyo, lakini kilichotoka ni alumini yenyewe.

Filta za ndani, kila wiki mbili. Dakika kumi, mtu yeyote anaweza.

Gesi. AC haili gesi. Kama kila Januari mnaongezewa, kuna tundu. Dalili ya upungufu ni barafu kwenye bomba jembamba au kwenye mashine ya ndani, na kompresa isiyokatika. Tundu litafutwe kwa naitrojeni na povu la sabuni, lizibwe, hewa ifyonzwe kwa pampu ya vakyumu mpaka geji itulie, ndipo gesi ipimwe kwa mizani kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati cha maelezo cha mashine. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "imeshakuwa baridi" anakisia kwa pesa zenu. Wala msikubali kuchanganyiwa R22 (gesi ya AC nyingi za zamani) na gesi nyingine.

Rimoti. Kila nyuzi moja unayopanda huokoa takriban asilimia 5 hadi 8 ya stima ya AC. Kutoka 18 hadi 24 hiyo ni pesa. Kuweka 18 hakuharakishi baridi kwa AC zisizo inveta kama zenu: kompresa ni ile ile, inasukuma vile vile, tofauti ni kwamba haijui kusimama.

Bi_Mhasibu
Fundi, tukiweka 24 wafanyakazi wanalalamika jasho. Tunafanyaje?

FundiBaridi
Bi Mhasibu, jasho la Mombasa ni la unyevu kuliko la joto. Hewa ikiwa kavu, 25 ni raha. Ikiwa mbichi, 21 bado unanata. Kwa hiyo angalia vitu viwili.

Kwanza, je, AC ni kubwa kupita chumba? Kubwa mno inapoza hewa haraka, inazimika kabla haijatoa maji. Chumba kinakuwa baridi na kibichi, mafaili yanaota ukungu. Huyo meneja wenu mwenye 12,000 kwenye chumba kidogo nashuku yuko hapo. Wakati wa kununua, msichukue "moja juu zaidi kwa usalama".

Pili, hewa ya nje inaingilia wapi? Madirisha ya luva za vioo hayazibi hata yakifungwa. Feni ya chooni inayozunguka siku nzima inanyonya hewa yenu ya baridi, na mahali pake inaingia mbichi ya nje kupitia kila ufa. Iunganishe na swichi ya taa ya choo. Mlango uwekewe mkono wa kujifunga na brashi ya chini. Vigae vya silingi vilivyovunjika virudishwe, kwani juu yake kuna tanuri. Lakini watu 14 wanahitaji hewa safi, msizibe mpaka muanze kusinzia; acheni njia moja ndogo inayojulikana badala ya nyufa mia.

Kisha pangaboi. Linakula wati 60 hadi 75, yale mapya yenye mota isiyo na brashi ni kama wati 30. Upepo mwilini unaruhusu kupandisha rimoti nyuzi 2 au 3 na hakuna atakayegundua. Mtu akitoka chumbani lizimwe, kwani halipozi chumba, linapoza ngozi.

Mwanamji
Mmezungumza mashine tu. Joto lenyewe linatoka wapi? Ofisi hii ina maadui wawili: paa na magharibi.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita liko karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Bati lililochakaa linaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo linashuka kwa mnururisho hadi kwenye jipsam, jipsam inakuwa hita juu ya vichwa vyenu. AC inapigana na silingi.

Njia rahisi ni rangi nyeupe ya paa. Bati lioshwe, kutu ikwanguliwe, ipigwe praima ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi ya akriliki inayonyumbuka. Bila praima itabanduka kwa mvua za kwanza za masika. Ikichafuka inapoteza nguvu ya kurudisha jua, hivyo ioshwe kabla ya kaskazi kuanza. Nyinyi mlioko katikati ya mji mwakumbuka 2018 kaunti ilipoagiza majengo yapakwe nyeupe na buluu. Wengi walipaka kuta zinazoonekana barabarani wakaacha paa, ambalo ndilo lingelipa.

Njia ya pili ni karatasi ya foili chini ya bati. Inafanya kazi ikiwa tu kuna nafasi ya hewa, angalau milimita 25, upande unaong'aa. Ikilazwa juu ya silingi ikitazama juu, vumbi litaifunika ikawa karatasi tu. Itundikwe chini ya mbao za paa, ing'ae kuelekea chini. Na nyaya za stima zichunguzwe kwanza, foili ni alumini na inapitisha umeme.

Magharibi: pazia la ndani halisaidii sana, kwa sababu jua likishapita kioo joto limeingia. Kivuli kiwe nje. Kibaraza cha mlalo hakitoshi, jua la saa kumi liko chini na linapita chini yake. Mnataka mbao za wima au wavu wa kivuli uliotegwa mbali kidogo na kioo. Mji wa Kale walilijua hili: kuta nene za matumbawe na chokaa, dari ndefu, vibaraza vya mbao vilivyotobolewa, vichochoro vinavyotiliana kivuli. Hakuna hata kimoja kinachotumia uniti.

TupoBamburi
Paa ni la mwenye nyumba. Atapaka kwa faida ya nani?

Mwanamji
Swali la haki. Pelekeni hesabu yenu wakati wa kuandika upya mkataba: nyinyi mnunue rangi, yeye alipe fundi, au ikatwe kwenye kodi. Rangi hiyo pia inalinda bati lake lisitoboke, hapo ndipo atasikia. Wavu wa nje hauhitaji ruhusa kubwa; anzeni nao.

WayaMbili
Taa. LED ya wati 18 mahali pa 45 ni wati 27 kila moja. Kwa 30 ni wati 810, mara saa 240, ni uniti 194, shilingi 5,400 na ushee kwa mwezi. Ongeza kama theluthi ya hizo, maana joto la taa lilikuwa linaondolewa na AC.

Kinachoharibika: fundi anachomoa tyubu, anachomeka LED, anaacha choki. Choki inaendelea kula wati chache na ikifa taa inazimika. Ondoa choki, stata na kapasita. Kisha soma karatasi ya tyubu: zipo zinazopokea laivu na nyutro upande mmoja, na zipo za pande zote mbili. Ukifunga ya upande mmoja kwa mtindo wa pande mbili haitawaka, na kuna aina ya kosa litakalokupa shoti. Bandika kibandiko kwenye fremu "LED tu, hakuna choki", asije mtu kurudisha tyubu ya zamani.

Zilizo karibu na dirisha zipewe swichi yake. Mchana hazihitajiki.

TupoBamburi
Na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, "kipunguza bili"? Kinauzwa Marikiti.

WayaMbili
Ndani kuna kapasita na kitaa cha kijani. Kinarekebisha kipengele cha nguvu (uwiano wa nguvu inayofanya kazi na ile inayovutwa kwenye waya), na mita ya biashara ndogo haikutozi kwa hicho, inahesabu uniti. Kitaa chenyewe ndicho kinakula. Kapasita zina maana kwa wateja wakubwa wanaopita uniti 15,000 kwa mwezi, wanaolipia pia kilele cha nguvu wanachovuta (kVA) na kutozwa faini kipengele kikishuka chini ya 0.9. Huko hufungwa kabati zima karibu na swichi kuu, baada ya kupimwa.

HesabuKwanza
Hao wakubwa wana jambo jingine. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka lifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni ya mamlaka ya kudhibiti nishati, sasa EPRA. Hoteli na maghala ya baridi wajihesabu. Mizigo, nyinyi mko kama 32,000, mko mbali na kiwango hicho.

MizigoKilindini
Basi AC mpya zisinunuliwe?

FundiBaridi
Zinunuliwe mbili za ukumbi, baada ya wavu na rangi, kwa sababu huenda wakati huo 18,000 zikatosha mahali pa 24,000. Ya seva na ya meneja zisubiri.

Dukani usisome neno "inveta" ukaridhika. Tazama lebo ya nyota ya EPRA, nyota 5 ndiyo juu. Kisha kibati: gawanya kilowati za kupoza kwa kilowati za stima. BTU 24,000 ni kilowati 7.03. Ikila 2.4 uwiano ni 2.9, ikila 1.95 ni 3.6. Ya zamani kwa matumizi yenu inakula uniti 430 kwa mwezi. Ikipungua theluthi, ambayo inveta nzuri huifikia kwa kuwa haiwaki na kuzima, ni uniti 140, karibu shilingi 4,000. Gawanya bei ya mashine pamoja na ufungaji kwa hiyo, upate miezi.

Sasa ubaya wake. Inveta ina bodi ya umeme ndani ya mashine ya nje, na bodi ndiyo inayokufa Pwani. Chumvi na stima inayoruka. Bodi moja inaweza kumeza akiba ya mwaka. Ulizeni mapezi yaliyopakwa kinga na bodi iliyofunikwa kwa vanishi. Fungeni kinga ya volteji yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, na waya wa ardhi wa kweli. Mashine ya nje isitazame bahari uso kwa uso, na isibanwe kwenye kibaraza kinachorudisha hewa moto, wala mbili zisitazamane. Mabomba yote mawili yavishwe sponji, si moja.

Bi_Mhasibu
Dispensa na fotokopi zizimwe usiku kwa soketi tu?

SevaNaWaya
Dispensa ndiyo, kwa saa ya soketi ya ampea 13. Ikiwaka saa 11 kwa siku sita badala ya saa 168 za wiki, mnaokoa zaidi ya nusu ya uniti zake 60. Au chupa ya chai ijazwe mara mbili kwa siku, upande wa moto uzimwe kabisa. AC msiiunganishe na saa hizo, zitaungua.

Fotokopi kuna mtego. Mashine nyingi kubwa zina hita ndogo chini ya trei za karatasi kwa ajili ya nchi zenye unyevu, na hubaki imewaka hata ukizima kwa kitufe, maana imeshikwa na plagi. Ukizima soketi unaokoa, lakini karatasi iliyolala kwenye trei inavuta unyevu, asubuhi inajikunja na kukwama, mnapoteza karatasi na muda. Zima kwa kitufe kwanza isubiri feni isimame, kisha soketi. Weka kwenye trei karatasi za siku hiyo tu, zinazobaki zirudi ndani ya plastiki ya rimu ikiwa imefungwa. Printa ya wino usiizime kwa soketi, kila ikiwashwa inasafisha vichwa na kumwaga wino ulio ghali kuliko stima yake. Na printa ya leza isichomekwe kwenye UPS, inapopasha moto huvuta nguvu nyingi ghafla na UPS inalia au inakufa.